Mgeni Aliyepewa Nusu ya Buni

Kigoda kilikuwa na joto.

Uwizeye alikiinua ili afagie baraza ya nyuma, asubuhi yao ya kwanza katika nyumba ile, na joto likamjaa viganjani, kana kwamba mtu mzima alikuwa amekikalia muda mrefu na ameinuka sasa hivi kumpisha. Jua lilikuwa halijafika upande ule. Ukuta ulikuwa baridi, sakafu baridi, maji ya ndoo baridi. Kigoda peke yake kilikuwa na joto.

"Cassian! Ulikuwa umekaa huku nje?"

"Nikae saa ngapi? Bado natafuta suruali," mumewe alijibu kutoka chumbani. "Umeiweka kwenye gunia lipi?"

Akacheka, akakisogeza kigoda kando. Mwenye mimba kubwa husikia joto hata kwenye jiwe, alijiambia.

Ilikuwa nyumba ya zamani, ya matofali ya kuchoma, katika mtaa wa nyuma ya soko la Kayanga, ambako nyumba zimebanana hata jirani akikaanga vitunguu, wewe ndiye unayepiga chafya. Mwenyewe, kijana aitwaye Edgar aliyehamia Mwanza, aliiuza kwa bei ya kutupa, na siku ya kukabidhi funguo hakuvuka kizingiti. Alizirusha, Cassian akazidaka. Cassian alikuwa fundi cherehani pale sokoni. Ili ainunue aliuza kibanja alichorithi Ihembe, migomba na mibuni yote, wajomba zake wakinung'unika. Sasa hawakuwa na pa kurudi. Na tumboni mwa Uwizeye kulikuwa na mtoto wa kwanza kufikisha miezi mingi hivi. Waliomtangulia walitoka kabla hata hajazoea kuwabeba. Nyumba hii ilikuwa ya mtoto huyu. Kila kitu kilikuwa cha mtoto huyu.

Mgeni alikuja Jumapili, mchana, mvua ikinyesha, wakati wametoka kanisani. Alitokea upande wa nyuma, penye migomba michache iliyosalia kati ya nyumba na ukuta. Mzee mrefu, kanzu nyeupe, koti jeusi. Alikaa kwenye kigoda bila kuonyeshwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Nimesikia nyumba imepata watu, nikasema niwaone." Aliongea Kiswahili kilichochanganyika na Kinyambo cha kale, kile cha mababu.

"Karibu sana. Wewe ni wa mtaa huu?" Cassian aliuliza.

"Wa hapa hapa." Mzee akawatazama kwa zamu. "Na kahawa je? Au siku hizi mgeni anakaribishwa kwa maneno matupu?"

Cassian akaona aibu. Kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, ndiyo heshima ya kwanza huku, kabla ya maji, kabla ya habari za nyumbani. Akapekua mfuko wa koti lake la kanisani. Ilikuwamo buni moja tu.

Angempa mzee nzima, mambo yangeisha. Lakini mwenye nyumba hamwachi mgeni atafune peke yake. Cassian akachukua wembe wake wa kufumulia nguo, akaipasua buni katikati. Ikateleza. Wembe ukampata kidole gumba. Punje moja akaitia mdomoni, ya pili, yenye damu yake, akaiweka kiganjani mwa mzee kabla Uwizeye hajasema, "Ioshe kwanza."

Mzee hakuipangusa. Aliitafuna polepole, macho yamefumbwa, kama mtu aliyekaa na njaa tangu enzi na enzi.

"Haya," alisema. "Sasa mimi si mgeni tena."

Wakacheka wote. Uwizeye akaingia ndani kuleta chai. Aliporudi, kigoda kilikuwa kitupu, Cassian alikuwa akiitazama mvua, na lango lilikuwa limekomewa vilevile kwa ndani. Kwenye tope la uani kulikuwa na nyayo za kuku tu.

"Amepita wapi?"

"Nani?" Cassian alijibu, akinyonya kidole chake.

Tangu hapo nyumba ikawa na watu watatu. Kwanza ilikuja harufu: rubisi, pombe ya ndizi iliyochacha, pamoja na udongo uliochimbuliwa karibuni, ikisimama katikati ya sebule kama mtu. Kisha kukohoa, kikohozi cha mzee anayetaka wenye nyumba wajue kwamba ameamka. Uwizeye akipakua ndizi na maharage kwenye sahani mbili, Cassian aliinuka akaleta ya tatu, akaiweka mahali pasipo mtu, na chakula cha sahani ile kilipoa palepale, mvuke ukikatika kama uzi. Na jioni, wakati wa kuwasha taa, alianza kumsikia mumewe sebuleni akiongea Kinyambo kwa sauti ya chini, akinyamaza, akicheka, akiitikia, na siku aliyosogea mlangoni kwa vidole vya miguu, mkono mmoja tumboni na mwingine ukutani, alisikia kwamba Cassian aliponyamaza palikuwa na sauti nyingine iliyoshika zamu, sauti nene, taratibu, yenye subira, na sauti ile ilikuwa ikiuliza habari za mtoto, analala upande gani, anapiga teke lini, atatoka lini, na mumewe, Cassian wake mpole, alikuwa akijibu yote.

Asubuhi alikwenda kwa jirani, Mama Celestina, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekauka hivyo, mwanangu?"

Uwizeye akamweleza kwa kunong'ona. Kisu cha Celestina kikasimama.

"Mlimpa chochote?"

"Kahawa tu."

"Kahawa si kitu, kila mtu hupewa." Akatazama huku na huku. "Watu wa Edgar walikaa na mzimu huyo miaka, yeye nje, wao ndani. Hawakumpa hata maji. Sikiliza, yuko mzee kule Ihanda, anaitwa Rwegoshora. Anawatoa hawa. Lakini mchungaji asisikie, nitafukuzwa kwaya."

"Wewe unaimba kwaya, mama?"

"Naimba vibaya, ndiyo maana wanatafuta sababu."

Ikawa mara ya kwanza Uwizeye kucheka tangu Jumapili ile.

Rwegoshora alikuja kwa bodaboda, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu. Alimkalisha Cassian sebuleni, akafukiza majani makali mpaka macho yakawatoka machozi, akazunguka kuta akipiga njuga.

"Wewe uliyeingia, toka! Nyumba ina wenyewe!"

Cassian akainua kichwa. Mdomo ulikuwa wake. Sauti haikuwa yake.

"Na mimi ni nani, mganga? Muulize mkewe. Mumewe alikata buni, akatia damu yake, tukala. Punje yake, punje yangu."

Njuga zikanyamaza. Rwegoshora akamgeukia Uwizeye, na uso wake ulikuwa umezeeka ghafla.

"Ni kweli?"

"Alijikata kwa wembe. Ilikuwa bahati mbaya."

"Damu haiulizi bahati." Mganga akaanza kukusanya majani yake. "Huo ni omukago, binti. Undugu wa kuchanjiana. Mababu zetu walifungana hivyohivyo, buni moja, punje mbili, damu. Mgeni namtoa. Jini aliyejiingiza namtoa. Ndugu wa damu nikimtoa, nampasua na mume wako."

"Anataka nini kwetu?"

"Anachopata ndugu yeyote. Sahani. Kitanda. Na mtoto akizaliwa, ndugu ana haki ya kumpa jina. Akishampa jina, mtoto ni wake." Akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Wewe hukula ile kahawa. Undugu huo haukufungi. Ondoka."

Uwizeye akafungasha khanga zake siku hiyohiyo. Alimshika Cassian mkono, wakavuka ua pamoja, naye Cassian alikuwa akija, kweli alikuwa akija, viatu miguuni na koti begani, mpaka langoni. Pale akasimama. Hakuna aliyemvuta. Alitazama nyuma, kwenye mlango uliokuwa wazi na giza lililokuwa ndani yake mchana kweupe, na macho yakamjaa machozi.

"Siwezi kumwacha peke yake," alisema. "Amekaa peke yake muda mrefu mno, Uwizeye. Hujui alivyokaa."

"Na mimi?"

Ndani ya nyumba mtu alikohoa.

Uwizeye akaenda Rugera kwa mama yake, Twizeyimana, kibarua wa mashamba ya watu, na huko akajifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Huku jina hutoka kwa baba na watu wa baba, mama husubiri. Wakwe wa Ihembe walituma salamu kwamba asubiri. Mama yake mwenyewe alimsihi asubiri, watu wasije wakasema mtoto hana kwao. Uwizeye hakusubiri. Kitovu hakijakauka alimwinua mtoto mbele ya mama yake na katekista, akamwita Hagenimana, kwamba Mungu ndiye apangaye, maji yakamwagwa, ikaisha.

Cassian alifika siku iliyofuata, alasiri. Alikuwa amekonda, koti lilining'inia juu yake kama lililosahauliwa kwenye kamba. Alisimama nje ya kizingiti.

"Nimekuja kumpa mtoto jina," alisema kwa ile sauti nene.

"Ana jina," Uwizeye alijibu, mtoto kifuani. "Anaitwa Hagenimana. Amebatizwa. Hakuna la kumwongezea."

Migomba ilitikisika, ingawa upepo haukuwapo. Harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka kizingitini, ikasimama pale, ikapima mlango juu na chini, kisha polepole, kama mtu anayevua kofia, ikarudi nyuma. Uso wa Cassian ukalegea, na kwa muda mfupi alikuwa yeye, fundi wake, mume wake, machozi yakimtiririka.

"Asante," alinong'ona kwa sauti yake mwenyewe. "Asante, mama Hagenimana. Usije ukarudi. Hata nikikuita, usirudi."

Kisha akageuka, akashuka njia ya kibanjani kuelekea barabarani. Twizeyimana akatoka jikoni, akifuta mikono.

"Mkwe anaondoka hivi hivi, bila hata maji? Na yule mwenzake mbona hakukaribia tukamsalimu?"

Uwizeye akamkumbatia mtoto, akatega sikio. Kule chini, kati ya migomba, ulisikika mwendo wa miguu ya mtu mmoja, na maongezi ya wanaume wawili.