Joto la Kiti cha Kushoto

Niwaombe radhi mapema, kisa hiki nitakisimulia vibaya. Miaka ishirini nimepanda jukwaani kuchekesha watu, kwenye kumbi za shule na harusi za wenye nafasi, na mdomo wangu umeshaharibika: penye kutetemeka unatia mzaha, penye mzaha unaishiwa. Mwenyewe Nurdini angesimulia vizuri zaidi. Ila Nurdini siku hizi akiniona kwa mbali anavuka barabara, kwa hiyo mtakula nilichopika.

Nurdini ni fundi bati wa Isevya, hapahapa Tabora. Ndoo, karai, mifereji ya paa, vifukizio vya warina asali, vyote vinatoka mikononi mwake. Mtu mpole. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, basi ni mtani wangu, na kwa miaka yote hiyo nimemtukana nitakavyo akaishia kutabasamu.

Mkewe Amne anaumwa kisukari. Ugonjwa umemla hisia za nyayo. Akikanyaga mwiba hajui mpaka aone damu sakafuni. Daktari alishawaonya: kidonda kimoja kikikataa kupona, mguu unakatwa. Ndiyo maana kila jioni Nurdini huketi chini, akaupakata mguu wa mkewe, akaukagua kwa tochi ya simu, kidole kwa kidole, kama anayechambua mchele.

"Umeona nini, Baba Ummy?"

"Nimeona mguu wa malkia."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao.

Sasa, Nurdini ana ndugu yake wa kunyonya, Abdulatifu, mfanyabiashara wa Urambo. Walinyonya ziwa moja, wakatahiriwa siku moja. Abdulatifu alikuwa na Pijo 404 nyeupe aliyorithi kwa baba yake, ya mwaka sitini na nane, gia kwenye usukani. Watu wa barabara ile walikuwa wanalistaajabu gari lile. Masika yaliyolaza malori ya tumbaku siku tatu matopeni, lenyewe lilipita kama limebebwa. Mkewe, Bilkis, alikuwa akikaa kiti cha kushoto safari zote. Alifariki mwaka juzi baada ya kukatwa mguu. Watu walisema sukari.

Siku ya Idi, Abdulatifu alikuja kula pilau Isevya. Wakati wa kuagana Nurdini akaligonga boneti, akacheka. "Ndugu yangu, mzee huyu unamfugia nini? Si unipe mimi nimpelekee Mama Ummy kliniki!"

Abdulatifu hakucheka. Alimtupia funguo palepale.

"Umelitaka mwenyewe," alisema.

Nurdini alicheka mpaka akapaliwa. Ndugu yake alirudi Urambo kwa basi, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Safari ya kwanza ya kliniki ilikwenda vizuri, hadi jioni. Tochi ilipofika kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, Nurdini aliisogeza karibu. Ngozi ilikuwa nyekundu.

"Gari lina joto upande wangu?" Amne aliuliza. "Mimi sikusikia kitu."

Upande wa dereva palikuwa pa baridi kabisa. Kesho yake Nurdini aliingiza mkono chini ya dashibodi, mahali Amne anapoweka miguu. Bati lilikuwa la moto kama karai lililotoka jikoni.

Bati, jamani! Umwambie fundi bati kwamba bati linamshinda? Alilivaa gari lile kama aliyelipwa. Kwanza hita, nani anahitaji hita Tabora? Akaziba mipira yake miwili ya maji ya moto. Joto likabaki. Akaangalia rejeta na feni, mshale wa joto la injini umetulia katikati. Akaliviringishia bomba la moshi kitambaa cha kuzuia moto. Akafungua ukuta wa bati unaotenga injini na abiria, akaziba kwa raba kila tundu linalopitisha waya. Chini ya kapeti akalaza bati jipya, na juu yake blanketi.

Joto likabaki. Na ile alama kwenye kifundo ikaanza kuwa na umbo. Ilizunguka mguu mzima, nyembamba, sawasawa, kama bangili.

Ndipo akatumia nta. Tabora nta haikosekani. Alifinyanga vidonge ishirini vidogo, akavibandika ndani ya gari kila pembe, aone kipi kitayeyuka kwanza, hapo ndipo joto linapoingilia. Aliendesha hadi Kipalapala, akarudi. Vidonge kumi na sita vilikuwa vizima. Vinne vya kushoto, chini, vilikuwa maji.

Vizuri. Akabandika vingine vinne, akaenda kuswali, akala, akalala. Injini haikuwashwa tena.

Asubuhi alifungua mlango.

Vyote vinne vimeyeyuka.

Alisimama hapo, mkono kwenye mlango. Injini ilikuwa ya baridi. Aliigusa mara mbili. Umande ulikuwa juu ya boneti.

Hakumwambia mkewe. Aliazima chetezo chake tu. Mafundi wenye vyombo hupuliza moshi kutafuta tundu. Yeye aliweka makaa, akatia ubani, akakiweka chetezo chini, kiti cha kushoto, akapandisha vioo vyote, akachungulia kutoka nje. Moshi ungekimbilia penye tundu. Ilikuwa akili nzuri. Ni akili ya fundi. Ila ubani kwetu hauwashwi hivihivi, kuna wanaouitikia, na yeye kwa kuhangaika alisahau.

Moshi ulijaa. Ukatulia. Kisha ukaanza kwenda upande mmoja, nyuma ya kasha la hita. Ukazama wote.

Ukatoka.

Ukazama tena.

Taratibu. Kama kifua cha mtu aliyechoka.

Nurdini alizima makaa, akafungua kasha lile. Nyuma yake, kwenye uwazi mdogo, palikuwa na furushi la kaniki lililoshonwa kwa mkono. Ndani mlikuwa na pete ya chuma, nzito, imeliwa na kutu, ya kutosha mguu wa mtu. Ilikuwa na kiungo kimoja cha mnyororo uliokatika. Vyuma vya namna hiyo huokotwa mara moja moja mashambani, kando ya njia ya zamani ya misafara ya watumwa. Wenye akili huvifukia tena.

Kwenye pete palikuwa na vitambaa viwili vimefungwa fundo. Cha kwanza kilikuwa kanga ya Bilkis, marehemu. Cha pili alikitazama sana. Ua la mkorosho, jekundu, ukingo mweusi. Ilikuwa kanga ya Amne. Ilipotea Urambo, siku Amne alipokwenda kumwosha Bilkis.

Mwaka juzi. Gari lilikuja kwa Nurdini mwaka huu.

Aliketi chini palepale, kwenye mafuta machafu. Walinyonya ziwa moja. Akaitafuta namba ya Abdulatifu, akapiga.

"Ulijua," alinong'ona.

Abdulatifu akajibu, polepole, "Baba aliliweka furushi lile ili gari lisikwame. Kuna anayelibeba, Nuru. Amebeba muda mrefu. Anachoka. Anataka wa kupokezana naye."

"Amne ni shemeji yako."

"Na Bilkis alikuwa shemeji yako."

"Ungelitupa gari lenyewe!"

"Nililitupa mara mbili. Liko uani asubuhi. Halitupwi, haliuzwi. Mtu alichukue mwenyewe, kwa hiari yake, huku anacheka." Akavuta pumzi. "Mimi niliweka kitambaa tu, nikakaa nasubiri. Wewe ulicheka."

Simu ikakatika.

Nurdini aliifukia pete mbali, nje ya mji. Asubuhi ilikuwa mahali pake, nyuma ya hita, ya moto, na udongo mbichi juu yake. Siku ile Amne hakupanda gari, alishinda kitandani. Jioni tochi ilionyesha malengelenge.

"Umeona nini, Baba Ummy?"

Alizima tochi.

Sasa hapa ndipo anapoingia mtu wa tatu, mpumbavu mmoja mwenye kelele. Alifika Isevya Ijumaa baada ya swala, akalikuta gari uani na mwenyewe ameketi mbele yake kama mfiwa. Mpumbavu akapiga makofi. "Mtani! Mnyamwezi na gari wapi na wapi? Ninyi si wa kubeba mizigo kichwani? Lete hapa!" Akampokonya funguo mkononi, maana mtani hanyimwi, akaingia, akapiga honi, akacheka hadi kuku wakatawanyika. Akavua na shati lake chakavu jekundu, la jukwaani, akafutia kioo, akalitupa kiti cha nyuma.

Nurdini alisimama. Midomo ilifunguka. Akageuka, akatazama dirisha la chumba alimolala mkewe. Akaifumba, na mpumbavu akaondoka na gari.

Mpumbavu huyo mnamjua. Mnamsoma.

Mguu wa Amne ulipona ndani ya wiki mbili. Daktari mwenyewe alishangaa. Ndipo Nurdini akanieleza yote, kuanzia siku ya Idi. Nami gari limenifaa, sitasema uongo. Nimekwenda nalo hadi Ziba kwenye mvua, halikukwama. Kwa kuwa sina mke, kiti cha kushoto hakina mtu, nikajiambia mimi ni mjanja. Nikanunua na zulia jipya.

Juzi nimelikuta zulia limeungua. Nyayo mbili, za mtu pekupeku, vidole vimetanuka kama vya aliyetembea sana. Visigino vimegusa ukuta wa injini. Vidole vimeelekea ndani. Vimeelekea kwa dereva.

Nikafungua kasha la hita. Vitambaa vilikuwa vitatu. Cha tatu ni chekundu. Hakuna aliyekiiba, nilikileta mwenyewe na kukitupa nyuma mwenyewe.

Nikampigia Nurdini simu, na hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyopokea. Nilifoka. Utani wetu wote ule, miaka yote ile, kwa nini hukunizuia? Kwa nini siku ile hukusema hata neno moja?

Nilimsikia Amne kwa mbali akiuliza ni nani.

"Mtani," Nurdini alisema, "nilikuwa nangoja umalize kucheka."

Na mimi, jamani, nikianza kucheka huwa simalizi upesi.