Kiti cha Saba, Safu ya D

"Asiyeamini avae koti sasa hivi, apande treni mpaka mjini, aingie ukumbi ule, akae safu ya D, kiti cha saba. Halafu arudi hapa atuhadithie. Kama ataweza kusema."

Suhaib aliyasema hayo huku amejikunjia miguu juu ya zulia la sebuleni kwao, sinia la biriani katikati, jamaa wamelizunguka. Alikata tonge akala bila kumkaribisha mtu. Shangazi yake aliliona hilo.

Wote walimjua. Ndiye yule aliyeacha shule na miaka kumi na sita, akidai walimu wanamchelewesha, na aliyewahi kuapa kwamba alibeba piano peke yake ngazi tatu. Wakatabasamu. Asiyetabasamu ni mdogo wake, Ibtisam, aliyekaa karibu na redieta ya kupasha nyumba joto, daftari mapajani. Mwezi wa pili huu alikuwa anazungumza kwa kalamu. Kwa ajili yake, hakuna aliyemkatiza Suhaib.

Mambo yalikuwa hivi.

Suhaib alikuwa fundi wa jukwaa. Kazi yake kusukuma kuta za mbao na kujigamba. Ibtisam ndiye mwigizaji, na hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kulipwa: mtumishi wa ndani katika kichekesho cha kizamani cha Waingereza kiitwacho "Bibi Hayupo". Mjane anawakimbia wachumba watatu. Kila mmoja anapobisha, mtumishi anafungua mlango, sinia la chai mkononi, na kusema: "Bibi hayupo, na hata angekuwepo, hayupo." Basi. Kwa mstari huo watu wamecheka zaidi ya miaka mia moja. Kilichezwa mara ya kwanza katika ukumbi ule ule, kikarudi baada ya vita vya kwanza, kikarudi baada ya vya pili, kikarudi enzi za suruali za bugaluu, na sasa kimerudi tena.

Msimamizi wa jukwaa alikuwa Alka, Mgujarati wa mtaa wa Kingsbury aliyezaliwa Nairobi. Alitunza kitabu kizito kama tofali. Kila kichekesho kiliporudishwa, msimamizi mpya alinakili humo maelezo ya mwenzake wa zamani, taa hii hapa, mlango ule pale. Na kila nakala, mwandiko baada ya mwandiko, ilikuwa na maneno mawili yasiyoelezwa. Kwenye ukurasa wa mtumishi: mstari huu usikatwe. Kwenye ukurasa wa kwanza: D saba isiuzwe.

"Kwa nini?" Suhaib aliuliza.

"Mimi sijui. Wenye kujua wamekufa."

"Kwa hiyo wewe na digrii zako unaogopa kiti."

"Wacha mchezo, Suhaib. Mimi naheshimu kitabu, si kiti."

Siku ya pili yake, Jumanne mchana, Ibtisam alifungua mlango wa mbao katika mazoezi, akavuta pumzi. Kabla hajasema, mtu akacheka. Kicheko kimoja, kikavu, kutoka kwenye viti. Ikafuata harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, na ukumbi ule haujaona mshumaa tangu enzi za taa za gesi.

"Nani huyo?" Alka akauliza.

Viti vilikuwa vitupu.

"Suhaib, ni wewe?"

"Mimi nacheka vizuri kuliko hivyo."

Ibtisam akasema mstari wake, lakini neno "hata" halikutoka. Alilijua. Aliliandika kiganjani akamwonyesha kaka yake. Kulitamka ndiko kulikokataa, pale na nyumbani pia. Jumatano kicheko kikaja mara mbili, na maneno mawili yakaenda. Alhamisi hawakuhesabu. Ijumaa asubuhi alitaka kumwita Suhaib jikoni, akafungua mdomo, akafunga, akagonga meza kwa kijiko. Neno alilokosa lilikuwa "kaka".

"Usiende kesho," Suhaib alimnong'oneza.

Alitikisa kichwa. Kazi ya kwanza. Nani anaachia?

Jumamosi onyesho la mchana lilijaa. Ukumbi wa maonyesho hauna dirisha. Nje jua, ndani giza la kaburi. Suhaib alisimama pembeni mwa jukwaa, mkono kwenye kamba ya pazia, macho kwenye safu ya D. Viti vile hujikunja vyenyewe mtu akiinuka, na cha saba kilikuwa kimejikunja kama ilivyotakiwa, mpaka mchumba wa kwanza alipobisha, ndipo kikaanza kushuka polepole, kama kinavyoshuka chini ya mtu mzee anayejali magoti yake, kikatulia, na ile harufu ya mshumaa ikapanda jukwaani, na Ibtisam akafungua mlango na kinywa pamoja, na kicheko kikatoka D saba, kikaruka D sita, kikashika safu nzima, kikapanda roshani, mpaka watu mia nane wakawa wanacheka kwa neno ambalo hakuna aliyelisema, midomo wazi, macho yamewatoka kwa woga kama watu wanaotapika, na sauti kubwa kuliko zote, kavu, ya kiume, ikawa inatoka kwenye koo la mdogo wake, huku vikombe vikigongana kwenye sinia na machozi yakimtiririka.

Suhaib akaachia kamba. Pazia likaanguka.

Tangu hapo, hata kikohozi cha Ibtisam hakikuwa na sauti. Hospitali walimulika koo, wakasema ni zima.

Ndipo akaitwa mjomba wao, Mzee Msabaha, kutoka Croydon, msomaji wa Kurani anayejua mambo ya wasioonekana. Jumapili saa nane mchana alikuja na msahafu, marashi ya mawaridi na chetezo cha udi.

"Mzee, hiyo usiwashe," Alka akasema kwa sauti ya chini. "King'ora kitalia, zimamoto watafika."

"Basi atasikia harufu ya mawaridi tu."

Alisoma kwa muda mrefu. Kiti kilikuwa kimeshuka, hakitikisiki. Mwishowe akafunga msahafu.

"Huyu hakuvamia," alisema. "Miaka yote alikuwa anabisha, na yule mtumishi wa kwenye mchezo anamwambia hakuna mtu, naye anaridhika kungoja. Sasa amekaa kama mgeni. Na mgeni hafukuzwi, wanangu. Husindikizwa. Na anayemsindikiza ni yule aliyemkaribisha. Nani aliyemkaribisha?"

Alka alitikisa kichwa. Ibtisam alimtazama kaka yake. Suhaib alikuwa anafunga kamba ya kiatu iliyokuwa tayari imefungwa.

"Labda ni wa zamani huko," alisema. "Keshakufa."

Mzee Msabaha akashusha pumzi, akasema basi atamwakilisha marehemu. Akatangulia polepole kati ya viti mpaka mlango wa barabarani, akaushikilia wazi. "Ahsante kwa kuja. Nenda salama." Nyuma yao kiti kikajikunja, tak.

Wakakumbatiana. Sauti, wakaambiwa, itarudi yenyewe.

"Ndiyo hayo," Suhaib alimaliza pale sebuleni, na mkono wake ukarudi kwenye sinia. "Nani sasa anasema naongopa?"

Shangazi alimsukumia kipande cha nyama.

"Mimi nimeamini," alisema. "La kunishinda ni moja. Mtoto wa nyumba hii, tangu lini unakula bila kusema karibu? Miezi miwili nakutazama."

Tonge likasimama njiani. Mzee Msabaha, aliyekaa kwenye kona yake, akainua uso. Ibtisam naye akaacha kuandika.

Suhaib akanawa mikono kwenye bakuli, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akainuka, akavaa viatu, akaenda akafungua mlango wa nje. Baridi ikaingia.

"Kuna pahala nimeruka," alisema, mgongo kwao. "Ile Jumatatu, nilipomcheka Alka. Nilikwenda kula chakula changu pale, D sita, nimwoneshe kwamba siogopi kiti. Nikafungua kopo la pilau. Nikakigeukia kiti cha saba, kama tulivyofunzwa kumkaribisha jirani, nikasema karibu, bwana. Kwa mzaha. Kiti kikashuka. Nikaogopa, na mimi nikiogopa nazidi kusema. Nikamwambia karibu na nyumbani. Nikamwambia..."

Kicheko kikaja hapo, kikavu, kutoka pale penye redieta, na harufu ya mshumaa nyuma yake. Ibtisam alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Suhaib hakugeuka. Aliushikilia mlango wazi.

"Nikamwambia, kwetu kuna mdogo wangu ana maneno mengi mno. Chukua uyatakayo."