Mfuko wa Jiwe Tupu

Mpimaji mkuu wa maabara ya mgodi alikutwa asubuhi amelala kifudifudi kando ya tanuri, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote. Kisogoni damu ilikuwa imeganda. Daktari wa polisi alisema aligonga ukingo wa tanuri jana jioni, na hakufa papo hapo.

"Angeitiwa msaada, angepona?" Inspekta aliuliza.

"Huenda."

Neno hilo lilimkaa Inspekta rohoni. Alikuwa mama wa makamo, miaka ishirini kazini, na maiti hakuwahi kuzizoea.

Msaidizi wa marehemu, dada mmoja mwenye macho mekundu kwa kulia, alimfungulia daftari la vipimo. Wiki nzima watu wa mgodi walikuwa roho juu: mwamba mpya ukikosa dhahabu, kazi basi, kila mtu afungashe virago. Lakini majibu yalikuwa mazuri, mazuri mno. Mstari mmoja tu marehemu alikuwa ameuzungushia wino mwekundu.

Dada alieleza. Katika kila mzigo wa mifuko ya mawe ya kupimwa, yeye na marehemu huchomeka mfuko mmoja wa jiwe tupu, lisilo na hata chembe ya dhahabu, ili wajikague. Mifuko yote huandikwa namba tu. Jibu la mfuko ule lazima liwe sifuri.

"Na safari hii?"

"Umetoa dhahabu kama mingine. Mtu ametia dhahabu yake kwenye mifuko, na hakujua upi auruke."

"Nani huishika kabla hamjaipima?"

Dada alisita. "Msagaji. Shemeji yake marehemu."

Msagaji walimkuta chumba cha kusagia mawe, amekaa mbele ya mashine iliyozimwa. Kwenye droo yake kulikuwa na tupa, meno yake yamejaa unga wa njano. Inspekta aliiweka mezani, wala hakupandisha sauti.

"Dhahabu uliitoa wapi?"

"Ni pete ya mke wangu. Aliivua mwenyewe, vidole vimevimba. Nikamwambia nimeihifadhi."

Kisha yakamtoka yote. Figo za mkewe zilikufa mwaka juzi, na hospitali ya mgodi humsafisha damu bure, mara tatu kwa wiki. Mgodi ukifungwa, na hospitali inafungwa. Jana marehemu alimwita baada ya kazi, akamwonyesha ule mstari. Msagaji alipiga magoti. Shemeji akasema hawezi kusaini uongo. Ndipo msagaji akamsukuma.

"Ni kaka wa mke wangu kabisa, wa tumbo moja," alisema. "Nikaona uhai wa dada yake si kitu kwake. Nikamwacha pale, nikaenda zangu. Nilidhani atainuka."

Inspekta aliandika maelezo neno kwa neno, akamsomea, akamsogezea karatasi. Msagaji alisaini bila ubishi, kisha akaitazama saa ya ukutani.

"Saa nne ni zamu ya mke wangu kwenye mashine ya damu, mama. Hawezi kutembea peke yake. Siku zote kaka yake ndiye humpeleka."

Inspekta naye aliitazama saa.

"Sasa hivi atakuwa ameshavaa," alisema msagaji. "Amekaa mlangoni, anamsubiri."