Umati wa Bwawa la Isamba

"Furu, Nyakato hapa. Bomu limefukiwa kwenye tuta la bwawa. Ondoa watu."

"Niwaondoeje? Ni maelfu!"

Teodora Kashaija, Furu kwa jina la kazi, alitamani kuitupa ile redio ya Motorola majini. Jumapili mchana, nusu ya Magu ilikuwa imejazana Bwawa la Isamba. Wengine juu ya tuta, wengine chini yake, wengine kwenye boti za kukodi. Tuta lenyewe lilikuwa limezeeka na linavuja, na kila mwaka lilipakwa rangi tu. Likipasuka, maji yangewazoa wote na kung'oa daraja la barabara kuu. Ndicho walichotaka wafanya magendo wa mabondo ya sangara, vile vibofu vya samaki vinavyouzwa ghali ng'ambo, ili doria isifike ufukweni wakati wakipakia. Mtu wao alikuwa humu humu na rimoti, akingoja wenzake wampe ishara.

Yupi sasa?

"Jamani, ondokeni! Kuna bomu!"

"Katumwa na Nkwabi huyu!" mtu akajibu. Watu wakaangua kicheko.

Hapo Teodora, Mhaya wa watu, akajiona mpumbavu. Yalikuwa mashindano ya ngoma. Manju wawili, kila mmoja na kundi lake, na mshindi ni yule atakayevuta umati mkubwa. Nani angeondoka kwa kuambiwa?

Akamkuta Manju Nkwabi pembeni, amenuna, watazamaji wake wakihesabika.

"Shikamoo baba. Hamishia ngoma yako kilimani. Sasa hivi."

"Marahaba. Nimeshashindwa, binti. Unataka nichekwe mara mbili?"

Teodora akachomoa bastola ya moshi. "Nitakusaidia kuwaita."

Nkwabi akaitazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka, akawaongoza wapigaji wake kilimani.

Paa!

Moshi mwekundu ukatanda juu ya kilima. Ngoma za Nkwabi zikaanza kunguruma chini yake.

"Nkwabi katoa dawa mpya ya kuvuta watu!"

Umati ukakurupuka na vitenge, viti vya plastiki na sufuria za pilau. Hata wachezaji wa mpinzani wakamwacha manju wao akiimba peke yake, kisha naye akawafuata akitukana.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Alisimama kwenye ardhi ngumu mwisho wa tuta, amevaa jaketi la kuokolea kama mwenye boti, rimoti mkononi.

Alipoinua kidole abonyeze, Glock ya Teodora ikalia mara moja. Rimoti ikaruka. Jamaa akapiga magoti akiushika mkono wake.

Teodora akamfunga pingu, akamsukumia ndani ya Land Cruiser, akarudi kuchimbua bomu na kung'oa nyaya zake.

"Nyakato, tuta salama."

"Safi, Furu. Doria imeshavuka daraja."

Umati ulikuwa tayari unateremka, ukidai ngoma irudiwe. Wakatandika vitenge pale pale juu ya tuta, wengine pembeni mwa shimo. Hakuna aliyeuliza shimo la nini.

"We dada!" akafoka mama mmoja, mtoto mgongoni amelala fofofo. "Hebu sogea, unatukinga!"

Teodora akamtazama yule mtoto. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akasogea, akaenda zake.