Sura ya Emérence

Katika soko la Butembo, pale wauza rangi wanapopanga makopo yao mpaka barabarani, Syauswa alimtazama dada mmoja hadi akamkanyaga mguu.

"Pardon, dada!"

"Uko naangalia wapi?" Emérence aliuliza, akipangusa kiatu chake chekundu. Gauni lake la kitenge cha njano lilimkaa vizuri, na shingo yake ilisimama wima.

"Sura yako. Mi ni muchoraji. Niko nachora batakatifu mu chapelle, ile kanisa ndogo ya Mususa, mais bote banafanana, kama hapana batu ba kweli."

Emérence akacheka. Yeye alifundisha historia ya ujenzi huko Beni. Walipoketi kunywa chai, alimweleza jinsi, zaidi ya miaka mia tano iliyopita, mafundi wa Italia walivyorudia vitabu vya Wagiriki na Waroma wa kale, wakaamini kwamba mwanadamu anastahili heshima.

"Donc bakapima nguzo kwa kufuata mwili wa mutu. Na Bikira Maria bakamuchora kama mama wa kweli, mwenye anachoka, mwenye anapenda mutoto wake."

"Kumbe! Wasingya, asante sana, chérie."

"Chérie? Mi mupenzi wako tangu saa ngapi?"

"Tangu nikukanyage."

Miezi ikapita kwa simu za kila jioni, na kila Jumamosi mmoja wao alisafiri kumfuata mwenzake.

Siku ya kubariki chapelle, Emérence alifika amependeza. Aliinua macho juu ya altare. Bikira Maria aliyechorwa pale alikuwa yeye: shingo yake, kovu dogo la kwenye nyusi, hata tabasamu alilompa Syauswa peke yake. Wamama wakageuka kumtazama, wakagusana viwiko.

Nje alimgeukia Syauswa kwa hasira. "Uliniuliza?"

"Nilitaka kukufurahisha..."

"Nilikufundisha heshima ya mutu. Wewe ukabeba sura, ukaacha mutu!"

Akarudi Beni. Syauswa alipiga simu, haikupokelewa. Mwanzoni alijitetea moyoni: si amemchora mzuri? Lakini maneno yale hayakumtoka. Akapanda tena juu ya mbao za kuchoria, padri akimsihi aache, akaifuta ile sura, kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Kisha akapanda pikipiki hadi Beni, akamkuta mlangoni mwa darasa lake, mtaa wa Ruwenzori.

"Nimefuta."

"Ilikuwa muzuri, Syauswa."

"Sana. Mais haikukuwa yangu. Unisamehe."

Emérence alimtazama mikono: rangi nyeupe bado ilikuwa kwenye kucha. Moyo wake ukalegea.

"Basi leo uniulize."

"Nikuchore tena?"

"Hapana! Ile swali ingine, yenye unaogopa kuuliza."

Syauswa akaushika mkono wake. "Emérence, utakubali nikuoe?"

"Ndiyo," alisema bila kusita, wanafunzi wakishangilia madirishani. "Mais baba iko kule Lubero, na mbuzi za mahari hazitajipeleka zenyewe."