Mshipi wa Chini

Namba ndizo zilizoanza. Katika duka la vifaa vya uvuvi kando ya ziwa kulikuwa na rili moja, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, yenye kidirisha kinachoonyesha mshipi umetoka kiasi gani. Kila jioni mwenye duka aliiacha kwenye sifuri. Kila asubuhi alikuta namba zimepanda, mshipi wenyewe haujasogea, na ubao wa rafu umelowa maji yanayonuka tope.

Watu walimwita Bei Chee, na jina lilimkaa. Wateja wake walikuwa wale wanaoanza kuvua kwa kukokota, boti inajikongoja na chambo kinafuata nyuma. Aliwaambia wasihangaike na vitu vya bei mbaya. Fimbo ya kawaida yenye ncha laini yatosha, rili iwe kubwa kiasi na breki isiyokwama, na kidirisha cha namba kisikosekane, maana mgeni wa ziwa hajui kukisia. Ushauri ulikuwa wa kweli kabisa. Ubahili wake ulikuwa kwingine.

Rili ile aliinunua kwa wavuvi wa nyavu waliokuta boti inaelea bila mtu. Mafundi wa rili wana mwiko wao: rili ya boti ya namna hiyo huvuliwa mshipi wote mpaka chuma kionekane. Bei Chee aliona ni hasara. Aliunga mshipi mpya kwa fundo kwenye ncha ya ule wa zamani, akajaza, akajiambia kwamba anayeanza kuvua hafiki huko chini.

Harufu ya tope ilipoanza kumfuata mpaka kitandani, alikwenda kwa mganga, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi. Mganga aliishika rili, akairudisha mezani upesi, akajifuta mikono.

"Kwenye mshipi wa chini kuna jini wa ziwa," alinong'ona. "Anavua kama mnavyovua nyinyi, ila samaki wake ni watu."

"Nifanyeje, mama?"

"Vua mshipi wote, mpya na wa zamani, uchome. Na usimpe mtu kitu hiki. Ukimpa, umemchagulia kifo."

Angeuchoma siku ile ile, tungeishia hapa na kila mtu akaenda zake. Lakini mshipi wa juu ulikuwa mpya, haujagusa maji, roho ikamuuma. Kesho yake mkwe wake akaingia dukani.

Mkwe alikuwa kinyozi, mtu mpole, mwepesi wa kucheka hata kabla hajajua kilichochekesha. Bei Chee hakumpenda hata chembe. Alimlea binti yake wa pekee kwa mikono yake mwenyewe tangu mkewe alipofariki, halafu akaja huyu na mkasi wake akambeba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Nataka kujifunza kuvua. Nitafutie fimbo na rili za mtu asiyejua kitu. Na hali yangu unaijua, baba."

Rafuni palikuwa na rili nyingine za kutosha, kavu, safi. Mkono wa Bei Chee uliziruka zote, ukaenda kwenye ile iliyolowa. Tusimtafutie sababu. Hakukosea, alichagua.

"Hii itakufaa," alisema. "Breki laini, namba unaziona mwenyewe. Chukua bure."

Kinyozi alishukuru mpaka akakera.

Asubuhi iliyofuata rafu ilikuwa kavu. Bei Chee alifagia huku akipiga mluzi, akauza, hata karibu na adhuhuri jirani anayeuza mafuta ya boti akasimama mlangoni.

"Wanao wamependeza leo," jirani alisema. "Wametoka alfajiri, binti ndiye kashika usukani. Anamcheka mumewe, eti yeye kakulia dukani, atamfundisha."

Bei Chee alimsukuma kando. Alikimbia mpaka gatini, akaangaza, ziwa lilikuwa tupu. Akarudi mbio kutafuta ufunguo wa boti yake, na alipokuwa bado anapekua droo mlango ukasukumwa, kinyozi akaingia peke yake, amelowa chepechepe, fimbo mkononi, akaufunga mlango kwa mgongo. Mshipi ulipita chini ya mlango na kwenda nje kwenye jua la adhuhuri, umekaza.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Kuna kitu kilivuta, baba." Aliuonyesha mshipi kwa kidevu. "Mshipi ukatoka mpaka fundo likapita. Akaushika akate, ukamzunguka mkono, akaenda nao. Nimejaribu kuiachia hii fimbo. Haiachiki."

Ndipo rili ilipoanza kukunja yenyewe, mpini wake ukizunguka polepole bila kushikwa na mtu, krrr, krrr, na namba zikishuka moja moja kidirishani, na mshipi wa zamani ukiingia mweusi wenye ute chini ya mlango huku ukiacha alama ya maji sakafuni, na harufu ya tope ikijaa duka zima mpaka wote wawili wakawa wanapumua kwa mdomo, na fimbo ikimvuta kinyozi chini mpaka magoti, mpaka tumbo, mpaka shavu lake likagusa sakafu penye ule mwanya wa mwanga, na mpini ukasimama.

Kitu kiligonga mlango, taratibu.

"Baba, nifungulie."

Ilikuwa sauti ya binti yake hasa.  Bei Chee alimpenda mwanawe kuliko kitu chochote duniani, lakini saa ile alikuwa anaogopa kuliko alivyopenda. Akachukua kisu kauntani.

"Baba, mkono unaniuma. Fungua upesi."

"Si yeye," Bei Chee alinong'ona. "Usidanganyike, hilo si yeye."

"Baba, ngoja," alisema kinyozi.

Bei Chee alikata mshipi.

Nje kitu kizito kilianguka, kikaburutwa kwa kasi kuelekea gatini, kisha maji yakasikika mara moja tu. Fimbo ikamtoka kinyozi mkononi. Hakuinuka.

"Nilichungulia," alisema, shavu bado sakafuni. "Nilikuwa natafuta kwato za jini."

"Ukaona nini?"

"Miguu, baba. Miguu yake, peku. Alikuwa anainua mmoja anaweka mwingine, kwa sababu saruji ya hapo nje ilikuwa inamuunguza."