Michemraba Sita ya Zege

Kila siku saa tisa na nusu, kengele ya shule ilipolia, Kiherehere alivuka barabara, akamwamkia mlinzi wa chuo kikuu getini, akaenda moja kwa moja hadi maabara ya zege. Mama yake alikuwa fundi wa maabara hiyo. Mtoto alikaa kwenye kiti kirefu kando ya dirisha akafanya kazi za shule hadi mama atoke. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Bibi yake ndiye aliyempa hilo la Kiherehere, maana hakuweza kuona ufagio umelala bila kuuinua, wala sufuria imefunikwa bila kuifunua.

Idara ya Uhandisi aliijua tangu ilipokuwa chumba kimoja chenye bati linalovuja na wanafunzi kumi na wanane. Siku hizo, aliyetaka kujua kama zege lake ni imara alilisafirisha mwendo wa siku mbili. Sasa idara ilikuwa na jengo la ghorofa tatu, wanafunzi zaidi ya mia nne, na mashine kubwa ya kuvunjia zege ambayo Mama aliifuta vumbi kila asubuhi kabla hata hajaweka mkoba wake chini. Kilichokosekana kilikuwa cheti. Ijumaa wakaguzi wawili wangekuja, na wakiridhika, vipimo vya maabara ile vingeaminiwa nchi nzima.

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Mafundi wakimwaga zege kwenye jengo, huchota kiasi na kukijaza katika vyombo vya chuma. Likiganda hutoka vipande vya pande sawa viitwavyo michemraba, navyo hulazwa majini siku ishirini na nane. Kisha mashine huikandamiza mpaka ipasuke. Ikipasuka mapema, basi na zege la jengo ni dhaifu.

Wiki hiyo majini mlikuwa na michemraba sita. Mitatu, yenye herufi S, ilitoka kwenye sakafu ya ghorofa mpya ya shule ya Kiherehere mwenyewe. Mitatu mingine, yenye herufi U, ilitoka kwenye ukuta wa uzio wa soko. Herufi zote ziliandikwa kwa kalamu ya nta.

Alhamisi idara nzima ilikuwa katika usafi. Mama aliitwa ofisini kupanga mafaili, akamwachia binti yake kitambaa na agizo moja: afute meza, basi. Meza zikaisha upesi. Kiherehere akachungulia kwenye maji, akaona michemraba imeota utelezi wa kijani, akaona aibu kwa niaba ya mama yake. Akaitoa mmoja mmoja na kuisugua kwa brashi ya waya hadi ikang'aa. Akainuka kuitazama. Herufi zilikuwa zimekwisha.

Alijaribu kukumbuka ipi ilitoka kulia na ipi kushoto. Akajiambia anakumbuka, ingawa hakuwa na hakika. Akachukua kalamu ya nta, akaandika S mara tatu na U mara tatu, akairudisha majini kabla mlango haujafunguliwa. Jioni chakula hakikupita. Bibi alipomuuliza alisingizia tumbo. Bibi akamwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kisha akampa maji ya moto anywe, naye akayanywa yote kwa aibu.

Ijumaa alipofika maabara, ilikuwa imejaa watu. Walikuwapo wakaguzi, mkuu wa idara ambaye wanafunzi walimwita Mzee Rula kwa ajili ya rula iliyokuwa mfukoni mwake daima, mkandarasi wa jengo la shule, na mwalimu mkuu. Mama aliiwasha mashine. Michemraba ya U ikapasuka mapema, yote mitatu. Ya S ikastahimili mzigo hadi juu ya kiwango. Mkandarasi alicheka kwa raha, akasema Jumatatu atapandisha kuta za ghorofa. Mwalimu mkuu akasema darasa la saba, la kina Kiherehere, ndilo litakaloanza kupanda.

Kiherehere akawafikiria wenzake hamsini wakiburuta madawati juu ya sakafu ile. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa akitabasamu kama mtu anayeliona geti la nyumbani baada ya safari ndefu. Akinyamaza, cheti ni chao. Akashuka kwenye kiti.

"Mama," alisema, "herufi hizo niliziandika mimi. Niliisugua michemraba jana, zikafutika. Nikaandika kwa kubahatisha."

Mashine ilizimwa. Mama hakumgombeza. Alikwenda kabatini, akarudi na daftari jekundu, akaliweka mezani pamoja na kalamu.

"Hili ni Daftari la Makosa," alisema. "Andika ulichofanya, lini na kwa nini. Hapa kila mtu huandika la kwake."

Kiherehere alifungua ukurasa wa kwanza, akakuta mwandiko wa mama yake wa miaka mitano iliyopita: alikuwa ameuweka mchemraba upande upande kwenye mashine. Ukurasa wa pili ulikuwa wa Mzee Rula. Akatafuta mahali patupu, akaandika huku machozi yakidondokea karatasi. Alipomaliza, Mama alichukua kalamu, akaongeza mstari chini yake: *Nilimwachia mtoto maabara peke yake. Kosa hili la pili ni langu.*

Mkaguzi mwenye miwani aliliomba daftari, akalisoma lote. Mzee Rula akamwambia mkandarasi kwamba hakuna tofali litakalopanda mpaka wachimbe vipande kwenye sakafu yenyewe na kuvipima. Mkandarasi alifoka kwamba kazi ya watu wazima haisimamishwi na mtoto. Mzee Rula alimjibu kwa upole kwamba haikusimamishwa na mtoto, ilisimamishwa na shaka.

Wiki iliyofuata walichimba, wakapima. Zege dhaifu lilikuwa la shule. Sakafu ikavunjwa na kumwagwa upya, mwalimu mkuu akisimama hapo na kuhesabu mifuko ya saruji mwenyewe.

Mwezi mmoja baadaye cheti kilifika, pamoja na barua. Mkaguzi aliandika kwamba amesoma madaftari ya maabara nyingi yasiyo na kosa hata moja, na hakuyaamini. Tangu hapo herufi za michemraba huchorwa kwa msumari zege likiwa bado bichi, ili brashi ya mtu yeyote isizifute. Msumari wa kwanza alikabidhiwa Kiherehere, Mama akiwa amesimama pembeni yake.

"Mama, uliniona nimekuaibisha?" aliuliza siku hiyo.

"Niliumia," Mama alisema, "na niliogopa. Lakini sikuaibika. Kosa ni kama zege, mwanangu. Likiwa bichi unalitengeneza kwa mwiko. Ukiliacha likauke utahitaji nyundo, na huenda wakati huo kuna watoto juu yake."

Kiherehere aliinama, akachora herufi ya kwanza taratibu, kwa kina.